Jina Ambalo Sikulitamka

Kampuni moja ilichukua sauti yangu, ikaiweka ndani ya mashine, na mashine hiyo ikampigia simu baba mkwe wangu na kumwita kwa jina lake. Nilikuwa nimeishi kwake miaka thelathini bila kulitamka jina hilo hata mara moja. Alikufa akiamini nimelitamka. Huo ndio ubaya niliofanyiwa.

Naitwa Deodatha. Nilizaliwa Igurwa, wilaya ya Karagwe, katika nyumba ya Walutheri yenye migomba, kahawa, na watoto wengi kuliko madaftari. Madaftari walipewa kaka zangu, mimi nikapewa jembe. Herufi nilizipata ukubwani kwenye kisomo cha kanisa, na mpaka leo nasoma polepole kama mtu anayechambua mchele.

Nikiwa na miaka kumi na tisa niliolewa Kyerwa na Aimable, katika familia ya Wakatoliki wenye asili ya Rwanda. Wiki ya kwanza mama mkwe wangu, Nyirabageni, aliniketisha jikoni, akanipa ndizi za kumenya, akaanza kunifundisha nyumba yake.

"Huku kwetu mke hamtaji baba mkwe," alisema. "Humwiti jina, humsemi jina, hata yeye akiwa Kigoma na wewe uko hapa peke yako. Na mtu mwingine akiwa na jina hilo hilo, huyo naye umtafutie jina lingine."

"Na nikiteleza ulimi, mama?"

"Ulimi hautelezi. Inayoteleza ni miguu."

Nikamenya ndizi zangu nikashika somo. Jirani yetu Vero alimpa mwanawe jina la baba mkwe wangu. Mimi nikamwita yule mtoto Wa Vero. Leo ana ndevu na ng'ombe wanne, na bado namwita Wa Vero. Siku ya kujiandikisha kule Rubwera, karani aliniuliza jina la mkuu wa kaya. Nikamwambia asubiri. Nikamvuta mkono jirani aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni: "Hebu mtajie mzee wetu." Karani alicheka mpaka akaweka kalamu chini.

"Mama, unaogopa atakusikia mpaka huku?"

"Siogopi. Wewe andika."

Na kweli haikuwa hofu. Wapo waliosema ni ushamba, wapo waliosema ni utumwa wa wanawake, na mapadri wenyewe hawakuwa na neno juu yake. Kwangu ilikuwa kazi niliyoipokea, nami niliifanya vizuri kuliko mabinti waliozaliwa katika mila hiyo. Mzee alijua. Nyirabageni alipofariki, mimi ndiye niliyempikia baba mkwe, nikamfulia, nikamwanikia kahawa yake. Wageni wakija aliwaambia, "Huyu ni wa Igurwa, lakini mdomo wake una mlango." Sikuwahi kupata cheti chochote katika maisha yangu. Maneno hayo ndiyo yalikuwa cheti.

Mwaka juzi nilikwenda Bugene kumuuguza dada yangu. Kanisani likatolewa tangazo kwamba kuna watu kutoka Dar es Salaam wanatafuta wanawake wenye sauti safi wanaosema Runyambo, lugha yetu, bila kuchanganya. Dada, na ugonjwa wake, akanisukuma kwa kiwiko: "Nenda. Wewe ukiongea hata mbuzi wanageuka."

Walikuwa wamekodi chumba, wakasimamisha magodoro ukutani ili kelele za pikipiki zisiingie. Aliyetuongoza alikuwa mwanamke wa Bukoba, Placidia, mpole, mwenye vipokea sauti masikioni. Alisema wanahifadhi lugha ili wajukuu wasije wakaisahau. Nikasaini karatasi ya Kiingereza ya kurasa nne. Posho walitoa kama walivyoahidi. Sina ugomvi na posho. Kwa siku sita Placidia alinisomea sentensi, nami nikazirudia kwa Runyambo: mvua, mbolea, mnyauko wa migomba, kahawa, habari za asubuhi.

Siku ya tano ilikuwa ya majina ya watu. Placidia akisoma, nami narudia. Apolinary. Cleophace. Benjamin. Kisha akasoma la baba mkwe.

"Hilo sisemi," nikamwambia.

"Kwa nini, mama?"

"Ni la baba mkwe wangu."

Akacheka, kicheko cha mtu aliyependa alichosikia. Akamwambia fundi wa kompyuta, "Ruka, tuendelee." Tukaruka. Nilisikia kwa masikio yangu. Naomba msomaji alishike neno hilo, kwa kuwa kesi yangu yote imekaa juu yake.

Ilipita miezi minane. Jumapili moja ya msimu wa kahawa, baada ya misa, wanaume walikuwa sebuleni kwa mzee wakinywa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi: baba mkwe, mume wangu Aimable, kaka yake mkubwa Hategekimana, na majirani wawili. Mimi nilikuwa jikoni. Simu ya mzee ikalia, na kwa kuwa masikio yake yalikuwa yamechoka, Hategekimana akaiweka sauti ya juu.

Nikasikia mtu akiongea kwa sauti yangu.

Sisemi sauti iliyofanana na yangu. Ilikuwa yangu, na kule kukwama kidogo nilikorithi kwa mama. Ikamwita mzee kwa jina lake, tupu, bila baba, bila shikamoo, kama anavyoitwa mbuzi aliyeingia shambani. Ikamwambia asianike kahawa chini, atumie kichanja. Ikamwita tena. Ikamwambia nafasi ya kuacha kati ya miche. Ikamwita mara ya tatu ikamtakia kazi njema.

"Deodatha!" Hategekimana alinguruma. Hakusema Mama Liliane, kama alivyoniita tangu nizae binti yangu. "Toka humo!"

Nikatoka na kisu mkononi, vidole vyote vina utomvu wa ndizi.

"Nipo hapa, shemeji."

"Aliyeongea ni nani?"

"Siyo mimi. Mimi nilikuwa namenya ndizi."

"Sisi watu watano ni viziwi?"

"Mzee peke yake ndiye mwenye shida ya masikio," jirani mmoja akasema, akitaka kuchekesha. Hakuna aliyecheka.

Niliwaeleza habari ya Bugene, magodoro, Placidia, jina nililolikataa. Mume wangu alitazama kikombe chake. Baba mkwe ndiye aliyenijibu, taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniua.

"Mwanangu, mimi nimekuwa na redio ya kaseti miaka ishirini. Mashine inarudisha kile kilichosemwa. Haijui kusema kisichosemwa. Nilikukosea nini?"

Huwezi kubishana na redio ya kaseti. Alikuwa sahihi kwa mashine zote alizowahi kuzijua. Wiki ile ile kaka yangu alinipigia kutoka Igurwa kunipongeza: "Dada, umepata kazi kwenye kahawa! Umenigombeza kama zamani." Nikampa Hategekimana simu asikie mwenyewe kwamba mashine inawapigia watu mpaka Karagwe. Alisikiliza, akanirudishia. "Sawa, ni mashine. Lakini mashine haina mdomo. Lazima kuna mtu aliyeilisha hilo jina."

Tangu siku hiyo mzee hakula mkononi mwangu. Nilipeleka sahani, ikarudi imefunikwa kama ilivyokwenda. Baada ya wiki saba akafariki. Kwenye mazishi wakamwana walisimama upande wa familia. Mimi nikaelekezwa kwa majirani, kati ya Vero na mwanawe. Familia ilipotupa udongo, nilivuka mstari nikatupa wangu. Hategekimana akasema kwa sauti, mbele ya padri, "Huyo hata aibu hana." Nikamwambia, "Aibu ninayo. Ila ya kwangu, siyo ya kampuni." Nikarudi kwa Vero.

Hapo ndipo kulia kuliponiishia na safari zikaanza.

Rubwera kuna mzee Elipidius, karani wa mahakama aliyestaafu, ana kaduka ka vifaa vya shule na simu kubwa ya kusomea. Nilimpa shikamoo, nikamweleza. Hakucheka. Akaniambia mashine ya siku hizi, hii wanayoiita akili mnemba, siyo kaseti. Inachukua sauti ya mtu, inaikata vipande vidogo kuliko neno, kisha inashona maneno ambayo mwenyewe hakuyasema.

"Kwa hiyo waliponirukisha jina, hawakuwa wamelihitaji?"

"Hawakulihitaji, mama. Walikuwa na nyuzi za kutosha, na majina wanayo kwenye orodha ya wakulima."

Nikamwambia anitafutie sheria. Akauliza ya wapi. Nikasema ya kila mahali penye watu. Nilikwenda kwake Jumamosi kumi na moja. Yeye alisoma simu yake na kunitafsiria, mimi nikampangia madaftari kwenye rafu, na kila nchi niliuliza swali moja tu: wanasemaje kuhusu mtu aliyekataa?

Ulaya, akasema, wametunga sheria moja nene ya akili mnemba kwa nchi zao nyingi pamoja. Wamezipanga mashine kwa hatari zake. Nyingine wamezikataza kabisa, nyingine zinachunguzwa kabla ya kuingia sokoni. Na humo wameandika kwamba mtu anayeongea na mashine aambiwe kwamba ni mashine. Nilimwomba arudie hapo. Kampuni iliyonichukua ina wenzake Ulaya. Kumbe huko wanajua kwamba mtu ana haki ya kuambiwa. Kwa nini bibi wa Ulaya aambiwe na baba mkwe wangu asiambiwe? Neno moja tu mwanzoni, "mimi ni mashine," lingetosha kumtia shaka. Angalau angeniuliza kabla ya kunihukumu.

Uchina nao wanataka sauti iliyotengenezwa iwekewe alama, na mwenye sauti aombwe kwanza. Ila huko, Elipidius akasema, serikali yenyewe inashika kamba ya mashine zote. Marekani hakuna sheria moja ya nchi nzima, kila jimbo linajipikia. Lipo jimbo lenye waimbaji wengi ambalo limetunga sheria ya kulinda sauti ya mtu isiigwe na mashine.

"Kwa sababu ya waimbaji?"

"Wana pesa na wana mawakili, mama."

"Mimi nina baba mkwe," nikamwambia. Akasogeza simu yake ukurasa mwingine.

"Na sisi?"

"Sheria ya akili mnemba yenyewe bado hatuna. Tunayo ya kulinda taarifa binafsi, na ofisi yake ipo. Inataka mtu aelezwe taarifa zake zinakwenda kufanya nini. Kwa hiyo kapu letu si tupu."

Kisha nikasikia kwamba kampuni hiyo hiyo ilirekodi wanawake ng'ambo ya mipaka yetu yote miwili. Kule Rwanda ilimchukua Dusabe, binamu wa mume wangu. Dusabe aliniambia kwenye simu kwamba alisomewa karatasi kwa Kinyarwanda tangu mwanzo hadi mwisho, akaambiwa waziwazi kuna mashine, akapewa namba ya kupiga akitaka kujitoa. Uganda, ukivuka daraja la Murongo, wapo ndugu wa mama yangu, na binamu yangu Avelina naye aliongea. Hakusomewa chochote. Alipoisikia sauti yake kwenye simu alicheka siku mbili. "Miaka kumi namwambia mume wangu apunguze matawi ya kahawa, hasikii. Mashine imemwambia mara moja, kachukua panga!"

Nilimrudia Elipidius na hasira mpya. "Basi sheria ya Rwanda ni nzuri, ya Uganda mbaya, na yetu ya katikati?"

Alivua miwani. "Hapana. Nimezisoma zote tatu. Kwenye kuomba ridhaa zinafanana kama ndugu. Tofauti, mama, ni kampuni ilimwogopa nani."

Sentensi hiyo nilitembea nayo. Nilikuwa nadhani nchi zinatofautiana kwa kilichoandikwa. Kumbe nchi ni kama maboma. Kila boma lina miiko, na miiko mingi hufanana. Linalotofautisha boma na boma ni kama kuna mtu jikoni anayemwambia mgeni, siku ya kwanza, ulimi hautelezi.

Kampuni ilipoitisha mkutano wa wakulima Kayanga, nilikwenda. Msemaji wao alikuwa Gaudiosus, kijana wa suti, amezaliwa huku huku, na pembeni mwake Placidia akiwa na kompyuta. Nilingoja mpaka maswali. Wakulima waliposikia sauti yangu wakageuka wote. Mmoja akapiga kelele, "Ni Mama wa Simu!" Ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

"Mnaisikia," nikasema. "Sasa mjue mwenyewe ni huyu, ana miguu." Nikawaeleza.

Gaudiosus alinisikiliza kwa adabu. "Shikamoo mama, na pole sana kwa msiba. Kampuni yetu inafuata sheria za kila nchi tunakofanya kazi. Kwa hapa nyumbani hakuna sheria inayotulazimisha mashine ijitambulishe."

"Marahaba. Baba, wewe umeoa?"

"Nimeoa, mama."

"Mkeo alipoingia kwenu, alingoja mila ziandikwe kwenye gazeti la serikali ndipo azifuate?" Wakulima wakaanza kugonga meza. "Mimi sijasoma, na nilijifunza miiko ya nyumba ya watu kwa wiki moja nikimenya ndizi. Ninyi mna madigrii, mmeingia nyumba tatu. Rwanda mmevua viatu mlangoni, huku mmeingia na matope. Mnajua kuvua. Mmeamua tu wapi."

"Mama, jina hilo tumeshalizuia. Mashine haitalitamka tena."

"Na lile lililokwisha kutamkwa limerudi tumboni?"

Nikamgeukia Placidia. "Binti yangu, siku ile niliposema hilo sisemi, mashine ilikuwa inarekodi?"

Placidia alimtazama Gaudiosus, kisha akanitazama mimi. "Ilikuwa inarekodi, mama. Ipo. Na kicheko changu kimo."

"Ipo wapi?"

"Kwenye faili la makosa."

Maneno elfu tatu niliyowapa walikuwa wameyaweka kwenye kazi, na neno moja nililowanyima wameliweka kwenye makosa.

Gaudiosus akasema vilivyorekodiwa vyote ni mali ya kampuni kwa mkataba niliosaini. Lakini, akasema, yupo tayari kunisaidia: nirekodiwe upya, nieleze kwa sauti yangu kwamba sikumtaja mzee, nao watawapigia wakulima wote.

"Baba," nikamwambia, "nikisema leo, Hategekimana atajuaje kama ni mimi au ni mashine yenu?"

Huo ndio wizi wao mkubwa, na wao wenyewe hawakuwa wameuona. Wameifanya sauti yangu isiaminike hata ninapoitumia mwenyewe. Nikiapa, itakuwa mashine. Nikilia, itakuwa mashine. Iliyobaki ya kweli ni ile moja tu, ya siku ya tano, kabla mashine haijajua kuongea, na kicheko cha mwanamke wa Bukoba ndani yake.

Nimepeleka malalamiko yangu kwenye ofisi inayohusika. Elipidius aliandika, mimi nikasaini kila ukurasa baada ya kusomewa kila ukurasa, kwa Kiswahili. Wamejibu kwamba yamepokelewa na kupewa namba. Namba nimeishika kichwani. Mume wangu ananiambia niache, mzee ameshalala. Namwambia mzee hakulala, aligeukia ukuta.

Msomaji ataona kwamba nimefika mwisho wa karatasi na jina la baba mkwe halimo. Mashine ina sauti yangu na inaweza kulisema mara elfu. Mimi mwenyewe sijalisema bado, wala leo, wala hata kwa wino.

Aimable ananidai chakula kila siku na anakipata. Mimi namdai neno moja mbele ya kaka yake. Hategekimana namdai mahali pangu kati ya wakamwana siku msalaba wa mzee utakapojengwa. Nchi yangu naidai sheria itakayouliza, kabla ya yote, aliyekataa yuko wapi. Na kampuni naidai ile rekodi: waitoe kwenye makosa, waipige kwenye simu zile zile, kwa watu wale wale, waanze na simu ya mzee ambayo sasa anaishika Hategekimana, na kabla haijaanza waseme hii siyo mashine. Maneno ni mawili tu, na ni yangu. Hilo sisemi.